UZI: Diodi, kile kidude cheusi chenye mstari mweupe. Tuelewane kabla hujatupa sola, sabufa au chaja yako

Fundi Mikindani:

Wakuu heshima kwenu, Mtwara kuchele.

Naleta huu uzi mapema kabla minada ya korosho haijachanganya, maana hali yetu naijua. Ikifika Oktoba Novemba hela ikaingia, watu wananunua sola mpya, sabufa mpya, inveta mpya, na vya mwaka jana vinatupwa uani au vinaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Sasa kwenye vitu vilivyotupwa unakuta sola nzima kabisa, kioo hakina hata ufa, imeuawa na kidude kimoja ambacho bei yake haifiki soda baridi. Inaniuma, kwa kweli inaniuma, kwa sababu mwenye nayo kalima, kapalilia, kapulizia dawa ya salfa, kaokota, kasubiri malipo, halafu hela ile ile inarudi dukani kununua kitu ambacho alikuwa nacho.

Hicho kidude ni diodi. Kazi yake ukiisema kwa sentensi moja inaonekana ndogo: inaruhusu umeme upite upande mmoja, ukitaka kurudi inaukatalia. Waliokulia pwani wanajua mdomo wa dema, samaki anaingia vizuri tu ila kutoka kwa njia ile ile hawezi. Basi ndo hivyo. Ila kwenye hiyo kazi moja ndo kumekaa redio, tv, chaja ya simu, taa za LED, pikipiki, gari, sola, mashine ya kuchomelea, kila kitu.

Diodi ina miguu miwili. Mmoja unaitwa anodi, mwingine kathodi, na ule mstari mweupe au wa fedha uliochorwa pembeni ndo upande wa kathodi. Umeme unaingia anodi unatokea kwenye mstari. Mtu akifunga kinyume, kwenye saketi nyingine haitapita kitu na kwenye nyingine fyuzi inalipuka hapo hapo, kwa hiyo kabla hujatoa ya zamani piga picha na simu uone mstari ulikuwa umeangalia wapi. Ubaoni pia huwa wamechora huo mstari.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui: diodi haipitishi bure. Ya silikoni ya kawaida inakata kama volti 0.6 mpaka 0.7 kila umeme unapopita. Kuna aina nyingine ya diodi inaitwa Schottky, hizo zinakata kidogo, kama 0.3 mpaka 0.5 kutegemea mzigo. Unaweza kusema hiyo 0.7 ni kitu gani, lakini zidisha na ampia: mzigo wa ampia 3 ukipita kwenye diodi ya kawaida ni 0.7 mara 3, wati 2.1 zinageuka joto ndani ya kidude kidogo kuliko punje ya korosho. Ndo maana ukigusa unaruka, na ndo maana kubwa zinafungwa kwenye bati la kupozea.

Sasa hoja yangu ni hii. Diodi ikifa usikimbilie kuweka yoyote iliyopo kwenye kopo, na usithubutu kuruka na waya. Uliza maswali matatu tu. Inatakiwa izuie volti ngapi kinyume? Inapitisha ampia ngapi? Na umeme wa hapo unabadilika haraka kiasi gani? Hilo la tatu ndo linawaua mafundi wengi mjini na vijijini, tutalifikia.

Mfano wa la kwanza. Umeme wetu wa ukutani ni volti 230, lakini hiyo 230 ni wastani wa kifundi, kilele cha wimbi kinafika 325 (zidisha 230 na 1.414). Diodi ya 1N4001 inavumilia volti 50 kinyume, 1N4004 volti 400, 1N4007 volti 1000. Zote ampia 1, umbo moja, rangi moja, namba tu ndo tofauti. Ukichukua 1N4001 ukaiweka kwenye umeme wa ukutani haimalizi hata dakika. Na ukitumia diodi moja pamoja na kapasita (kile kidude kinachotunza chaji), kapasita imeshika 325 huku na wimbi limeshuka 325 kule, diodi inasimama katikati ya volti 650, hapo hata ile ya 400 imekwisha. Kwa hiyo kwa umeme wa ukutani wewe weka 1N4007 basi, bei ni ile ile.

Naweka nukta hapa kwanza, leteni maswali na vifaa vyenu vilivyokufa.

Mwana Tandahimba:

Shukrani kwa uzi fundi. Mi nina sola ya volti 12, wati 100, iko juu ya bati karibu na mkorosho. Ilikuwa inachaji betri vizuri, sasa hivi hata jua la saa saba betri haijai, taa zinazima saa mbili usiku. Fundi wa huku kaja kapima kasema sola imechoka ninunue nyingine. Imechoka vipi wakati ina miaka miwili? Mita yake ilisoma 10 na kitu.

Fundi Mikindani:

Mwana Tandahimba usinunue. Subiri.

Hiyo 10 na kitu imenipa picha tayari. Sola ya "volti 12" kwa kawaida ina seli 36 zimefungwa mstari mmoja, na bila mzigo juani inasoma kama 21 au 22. Nyuma yake kuna kiboksi cheusi, ukikifungua utakuta diodi mbili, hizo zinaitwa za baipasi, kila moja inahudumia seli 18, yaani nusu ya sola. Kazi yake ni hii: jani la mkorosho likitua juu ya seli moja, ile seli inaacha kuzalisha na kuanza kuzuia umeme wa wenzake, inachemka, baada ya muda unaona doa la kahawia kwenye kioo. Diodi ya baipasi inafungua njia ya pembeni, umeme unapita bila kulazimisha ile seli iliyofunikwa. Unapoteza nusu kwa muda ule wa kivuli lakini sola inabaki salama.

Sasa diodi moja ikipiga shoti, ile nusu yake inakuwa imeunganishwa na waya moja kwa moja, inajizungusha yenyewe tu, kwako inabaki nusu moja. Nusu ya 21 ni 10 na kitu. Betri ya 12 haichajiki kwa volti 10, hata jua liwe la namna gani.

Fanya hivi kesho kukiwa na jua kali. Chomoa waya za sola kutoka kwenye chaji kontrola (kile kiboksi kati ya sola na betri kinachosimamia chaji), sola ibaki peke yake. Fungua kile kiboksi kwa bisibisi bapa, taratibu, vile vishikizo vya plastiki vinakatika. Weka mita kwenye DC (umeme wa upande mmoja) volti 200 au 20, pima juu ya kila diodi, mguu mmoja mpaka mwingine, bila kuitoa. Nzuri itasoma kama 10. Iliyokufa itasoma sifuri au karibu na sifuri. Njoo uniambie namba zote mbili.

Na angalia kama kuna unga wa njano humo ndani. Mnaopulizia salfa mwezi wa sita mpaka wa nane ule unga unaingia kila mahali, ukikutana na unyevu unakula shaba. Huku kwetu baharini ni chumvi, kiboksi kisichofungwa vizuri unakifungua unakuta miguu ya diodi ina kutu ya kijani.

Mwanafunzi Umeme:

Shikamoo fundi. Niko chuo nasoma umeme, mwalimu alieleza diodi ubaoni kwa haraka nikabaki na swali. Kwa nini upande mmoja inapita na mwingine haipiti wakati ni kipande kile kile cha silikoni? Naomba kwa lugha ya kawaida.

Fundi Mikindani:

Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana hilo na watu wengi wanalikwepa.

Silikoni inatoka kwenye mchanga, ikasafishwa mno. Kila atomu yake ina elektroni 4 za nje na zote zimeshikana na majirani wanne, hakuna iliyobaki inazurura, kwa hiyo silikoni safi inapitisha umeme kidogo sana. Ndo maana haiitwi kipitishi wala kihami, iko katikati.

Sasa wanaichafua kwa makusudi. Upande mmoja wanaweka fosforasi kidogo mno, ambayo ina elektroni 5 za nje. Nne zinashikana, ya tano inabaki huru. Huo ndo upande wa N. Upande mwingine wanaweka boroni, yenye elektroni 3, kwa hiyo kila penye boroni kuna nafasi moja haina elektroni, pengo. Huo ni upande wa P, na hayo mapengo yanahama kwa sababu elektroni ya jirani inaruka kuziba, pengo linabaki kule ilikotoka.

Pale pande mbili zinapokutana, elektroni za upande wa N zilizo karibu zinavuka na kuziba mapengo ya upande wa P. Ukanda mwembamba unabaki hauna elektroni huru wala mapengo, na atomu za pale zimebaki na chaji: upande wa N chanya, upande wa P hasi. Hizo chaji zinasukuma nyuma elektroni nyingine zisivuke. Ule ukuta nguvu yake kwa silikoni ndo ile 0.6, 0.7 tuliyoiona juu. Ukiweka chanya ya betri upande wa P na hasi upande wa N unausukuma ukuta, ukizidi hiyo 0.7 elektroni zinamiminika. Ukigeuza betri unazivuta elektroni zikae mbali na mpaka, ukanda unapanuka, hakuna kinachopita isipokuwa mvujo mdogo sana. Ukizidisha volti kinyume kupita uwezo wake, elektroni chache zilizopo zinapata kasi, zinagonga nyingine na kuzing'oa, nazo zinagonga nyingine, na umeme unapita kwa fujo. Kama hakuna kitu cha kuupunguza, diodi imekufa.

Na joto pia linaingia hapa. Diodi ya silikoni ikipata moto, ile 0.7 inapungua kama milivolti 2 kwa kila digrii moja, na mvujo wa kinyume unaongezeka. Kwa hiyo kiboksi cha sola juu ya bati la Mtwara mwezi wa kumi na moja ni mahali pagumu kwa diodi, hasa Schottky ambazo mvujo wake ni mkubwa tangu mwanzo.

Hili mwalimu huenda hakuliambia darasa: mpaka wa P na N uligunduliwa na Russell Ohl wa Bell Labs, Marekani, mwaka 1940, akiwa anachunguza kipande cha silikoni chenye ufa. Akakimulika taa, kikatoa umeme. Kumbe pande mbili za ule ufa zilikuwa na uchafu tofauti. Kwa hiyo diodi ya silikoni na sola zimetoka kwenye kipande kimoja, seli ya sola yenyewe ni diodi pana inayopigwa na jua. Kabla ya hapo Ferdinand Braun wa Ujerumani alishaona mwaka 1874 kwamba madini fulani yakiguswa na ncha ya waya yanapitisha umeme upande mmoja zaidi, na Fleming kule Uingereza mwaka 1904 akatengeneza ya kioo yenye ombwe, zile za redio za mababu.

Sabufa Kubwa:

Fundi mi niko Nachingwea nina kibanda cha kukodisha muziki kwenye shughuli. Sabufa yangu inakata fyuzi kila nikiwasha. Kijana mmoja kaniwekea waya wa shaba pale kwenye fyuzi ikawaka kidogo halafu trafo ikatoa moshi. Sasa hapo ni diodi au trafo?

Fundi Mikindani:

Ilikuwa diodi, sasa hivi ni vyote viwili, pole sana kaka.

Wakuu someni hili kwa makini. Ndani ya sabufa trafo inashusha umeme, tuseme volti 12 AC, halafu kuna diodi nne zimepangwa, au kipande kimoja chenye miguu minne, tunaita briji. AC inageuka mara 50 kwa sekunde, chanya inakuwa hasi, hasi inakuwa chanya. Kwenye briji, kila upande wa wimbi una diodi zake mbili zinazoupeleka kule kule, kwa hiyo kinachotoka ni vilima 100 kwa sekunde, vyote vya upande mmoja, halafu kapasita kubwa inajaza mabonde. 12 ya AC inatoa kilele cha 17, toa 1.4 ya diodi mbili unabaki na kama 15.6. Ndo maana ukiweka kapasita ya volti 16 pale unaitafutia kifo, weka ya 25.

Diodi moja ya briji ikipiga shoti, nusu ya wimbi trafo inakuwa imeunganishwa waya kwa waya. Umeme unapanda, fyuzi inakatika, fyuzi imefanya kazi yake vizuri kabisa. Ukiiwekea waya wa shaba, kinachofuata kukatika ni nyaya za ndani ya trafo. Yaani umebadilisha hasara ya diodi kwa hasara ya trafo, na kwa nyumba za makuti huko kwetu unaweza ukapoteza na nyumba.

Kama diodi imekatika badala ya kupiga shoti dalili ni nyingine, muziki unatoka ila unanguruma, besi inakwaruza ukiongeza sauti, kwa sababu sasa unapata vilima 50 badala ya 100 na kapasita haiwahi kujaza. Kapasita iliyokauka nayo inanguruma hivyo hivyo, kwa hiyo pima vyote.

Kupima: zima, chomoa ukutani, kisha toa chaji kwenye kapasita. Kwenye sabufa ya trafo haina madhara makubwa ila kwenye tv na inveta na adapta zile kapasita za upande wa ukutani zinashika volti 325 hata baada ya kuchomoa, na zinaua. Toa kwa kugusisha miguu yake na rezista (kidude cha kupunguza umeme) au taa ya 230, usitumie bisibisi. Halafu weka mita kwenye alama ya diodi. Nyekundu anodi, nyeusi kwenye mstari: nzuri inasoma kati ya 0.5 na 0.7, Schottky kama 0.2 au 0.3. Geuza: mita isisome kitu, iandike OL au 1 peke yake. Ikisoma sifuri pande zote na mita inalia, ni shoti. Isiposoma kitu pande zote, imekatika. Namba ikikuchanganya nyanyua mguu mmoja kutoka ubaoni upime upya, maana vitu vya jirani vinaweza kudanganya mita.

Kwa sabufa yako kama ni ya ampia nyingi usirudishe 1N4007, hizo ni ampia 1 tu. Weka 1N5408, ampia 3 volti 1000, au briji nzima ya ampia 10 na bati la kupozea.

Fundi wa Stendi:

Mleta uzi heshima yako ila hapo unatutisha bure. Mi naweka 4007 kila sehemu, chaja, adapta, king'amuzi, na kazi zinaenda, wateja hawarudi.

Fundi Mikindani:

Kaka nakuheshimu, kazi yetu ni moja, ila kwenye hili siwezi kukubaliana na wewe na nitakueleza kwa nini.

Hapa ndo lile swali la tatu. Chaja ya simu ina sehemu mbili za diodi. Ya kwanza pale umeme wa ukutani unapoingia, hapo wimbi ni mara 50 kwa sekunde, 4007 ni mahali pake kabisa. Ya pili iko baada ya kile kitrafo kidogo, na hapo umeme umeshakatwakatwa mara elfu hamsini, elfu mia kwa sekunde. 4007 umeme ukigeuka haifungi mara moja, inachukua mikrosekunde kadhaa kufuta elektroni zilizobaki ndani, na muda huo wote iko wazi, umeme unarudi nyuma. Kwa mara 50 kwa sekunde hilo halina uzito. Kwa mara elfu mia kwa sekunde mzunguko mzima ni mikrosekunde 10, sasa diodi inayochelewa mikrosekunde mbili tatu iko wazi muda mwingi ambao ilitakiwa ifunge. Inachemka, chaja inachemka, volti zinayumba, kioo cha simu kinaanza kujibonyeza chenyewe wakati wa kuchaji. Mteja harudi kwa sababu chaja ya bei ndogo ikifa ananunua nyingine, harudi kukulaumu.

Pale weka Schottky, 1N5819 ni ampia 1, 1N5822 ni ampia 3, ila kumbuka zinavumilia volti 40 tu kinyume kwa hiyo usizipeleke upande wa ukutani. Ukihitaji ya haraka yenye volti nyingi kuna FR107 na UF4007. Hizi zinafanana na 4007 kwa umbo, soma namba kwa tochi ya simu. Ukiwa na mita inayopima joto, au hata kidole baada ya kuzima na kuchomoa, jaribu chaja mbili, moja ina 4007 pale mwisho na nyingine Schottky, uzichaji simu nusu saa. Utaona mwenyewe.

Boda wa Masasi:

Mi pikipiki. Betri asubuhi imekufa, nikipiga kiki inawaka, jioni iko sawa, asubuhi imekufa tena. Nimebadilisha betri mbili. Halafu swali la pili, nataka nijitengenezee chaja ya simu kwenye boda, kuna mtu kaniambia nitumie Zener ya volti 5 kutoka kwenye 12.

Fundi Mikindani:

Betri haina kosa. Pikipiki inazalisha AC, kuna kile kidude cha alumini chenye mapezi, wengi mnaita rektifaya, ndani yake kuna diodi za kugeuza kuwa DC na saketi ya kuzuia volti zisizidi. Diodi ikivuja, usiku betri inarudisha umeme kinyumenyume kwenye koili. Zima swichi, chomoa waya wa hasi wa betri, weka mita kwenye DC ampia ikae kati ya waya na betri. Usipige kiki wala kuwasha chochote mita ikiwa pale. Ikisoma ampia zinazoonekana wakati kila kitu kimezimwa, chomoa soketi ya rektifaya. Namba ikishuka sifuri, umemkamata. Kisha rudisha kila kitu, washa injini, ongeza mafuta, pima volti za betri: inatakiwa kama 13.5 mpaka 14.5. Kwenye magari ni hivyo hivyo, oltaneta (ile inayozalisha umeme wa gari) ina diodi sita kwa mawimbi matatu, ikivuja moja utaikuta oltaneta ina uvuguvugu asubuhi wakati gari imelala.

Kuhusu Zener, huyo aliyekuambia hakupiga hesabu. Zener ni diodi iliyotengenezwa makusudi ipitishe kinyume kwenye volti fulani bila kufa, mradi umeme umepunguzwa na rezista. 1N4733 ni ya volti 5.1, wati 1. Gawa 1 kwa 5.1 unapata kama ampia 0.2, huo ndo mwisho wake. Simu inataka ampia 1 na zaidi. Na ukichomoa simu, umeme wote uliokuwa unaenda kwenye simu unarudi kwenye Zener, inaungua. Zener ni nzuri kulinda au kutoa volti ya kulinganishia, kazi ya kulisha simu nunua moduli ya kushusha volti, ziko madukani, uiwekee fyuzi ya ampia 2 karibu na betri.

Dada Lindi Mjini:

Habari za jioni kaka. Mi si fundi ila nimefuatilia uzi. Nyumbani taa za LED nikizima usiku zinabaki na mwanga hafifu, nyingine inapepesa. Watoto wanaogopa wanasema kuna mashetani. Ni diodi hizo?

Fundi Mikindani:

Nzuri dada yangu. Waambie watoto walale, ni waya.

LED ni diodi pia, ila haitengenezwi kwa silikoni, inatengenezwa kwa michanganyiko yenye madini kama galiamu, ambayo elektroni ikiziba pengo inatoa mwanga. Nyekundu ya kwanza inayoonekana kwa macho aliifanya Nick Holonyak mwaka 1962, ila bluu ilisumbua miaka mingi, Wajapani watatu Akasaki, Amano na Nakamura wakaipata na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2014. Bila bluu tusingekuwa na taa nyeupe, kwa sababu taa nyingi nyeupe ni LED ya bluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa njano.

Ndani ya taa yako kuna briji na kapasita. Inawezekana kabisa aliyefunga swichi kaiweka kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) badala ya laini (waya unaoleta umeme), kwa hiyo hata ukizima, laini bado imefika kwenye taa. Umeme mdogo mno unavuja kupitia nyaya na ukuta, briji inaukusanya kwenye kapasita, inajaa, taa inapepesa, inaisha, inajaa tena. Balbu za zamani zisingeonyesha, LED inaonyesha kwa sababu inahitaji kidogo sana. Inaweza pia kuwa swichi yenye kile kitaa kidogo cha ndani. Lakini kama ni nyutro hilo si la kuacha, mtu akipanda kubadili balbu akiamini kazima anaweza kupigwa. Ita fundi mwenye leseni ahamishie swichi kwenye laini.

Mzee wa Newala:

Nimesoma yote. Mimi sola yangu naunganisha betri moja kwa moja, sina hiyo kontrola. Je, usiku betri haiishii kwenye sola?

Fundi Mikindani:

Shikamoo mzee wangu. Inaishia, si yote ila inavuja, kwa sababu gizani zile seli zinabaki diodi tu na betri inasukuma umeme ndani yake. Weka Schottky moja ya ampia 10 kwenye waya wa chanya, mstari uangalie betri. Usitumie ya kawaida, utapoteza 0.7 ya bure mchana kutwa. Ila mzee naomba sana utafute kontrola hata ndogo, diodi inazuia kurudi, haizuii betri kujazwa kupita kiasi, na betri ikijazwa hivyo inachemsha maji na kutoa gesi inayoshika moto. Isikae chumba cha kulala. Ukipata kontrola toa ile diodi, yenyewe inazuia.

Mwana Tandahimba:

Fundi nimerudi. Nimepima saa saba. Diodi ya kwanza 10.4. Ya pili 0.03. Humo ndani kweli kuna unga wa njano na mguu mmoja umekuwa mweusi.

Fundi Mikindani:

Umempata. Ya pili ndo shoti.

Soma namba iliyoandikwa juu yake, mara nyingi ni 10SQ045 au 15SQ045, ya kwanza ampia 10 nyingine 15, zote volti 45, Schottky. Ukikosa ile ile chukua yenye ampia sawa au zaidi. Funika sola na blanketi au igeuze uso chini kabla ya kuanza kuchomelea kwa risasi. Sugua miguu na vibati kwa msasa mpaka shaba ing'ae, maana risasi haishiki kwenye weusi ule. Mstari wa diodi mpya uelekee upande wa chanya ya sola, angalia ile nzima ya jirani zipange zifanane. Usiikandamize kwenye plastiki, iache ipate hewa.

Ukikosa diodi Tandahimba nzima wiki hii, kata mguu mmoja wa ile iliyokufa, sola itarudi 21 na utachaji, ila kwa siku chache tu, na ukate yale matawi ya mkorosho yanayotia kivuli, kwa sababu hiyo nusu sasa haina mlinzi. Halafu kumbuka kama kuna siku mtu alifunga betri kinyume, au radi ilipiga karibu. Betri ikigeuzwa, umeme wake wote unapita kwenye hizi diodi mbili, ndo sababu namba moja ninayoikuta. Paka rangi nyekundu kwenye waya wa chanya na uweke fyuzi kwenye betri.

Ukishafunga pima bila mzigo, ukiona 20 na kuendelea rudisha mfuniko na uzibe ukingo kwa gundi ya silikoni, ila kile kitundu kidogo cha chini cha kutolea unyevu kama kipo usikizibe.

Mwana Tandahimba:

21.2 wakuu. Betri inachaji.